Ni siku ipi hasa iliyoifanya Queen kuwa Queen? Mimi nasema si Live Aid

1. Mpiga Besi Mstaafu

Salaam kwenu nyote. Kila historia ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, inapozungumzwa, wasimuliaji hukimbilia tarehe 13 Julai 1985, siku ya tamasha la hisani la Live Aid katika uwanja wa Wembley, London, kana kwamba kabla ya siku hiyo wale jamaa walikuwa wakipapasa gizani. Nimepiga gitaa la besi katika bendi za dansi hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na kila nikisikia maelezo hayo moyo wangu hukataa. Bendi haizaliwi jukwaani mbele ya maelfu ya watu. Huzaliwa katika chumba cha mazoezi, siku wanapopatikana watu wanaoweza kuvumiliana.

Kwa hiyo siku yangu ni ile ya mapema mwaka 1971, John Deacon alipojiunga. Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga ngoma, walikuwa wametoka katika bendi iliyoitwa Smile. Mwimbaji wao, Tim Staffell, aliondoka mwaka 1970, Freddie Mercury akashika nafasi yake na kuchagua jina la Queen. Hata hivyo, katika miezi iliyofuata walijaribu mpiga besi mmoja baada ya mwingine na hakuna aliyekaa. Ndipo akaja kijana wa miaka 19, mwanafunzi wa elektroniki, mkimya, asiyetaka kumfunika mtu yeyote. Tangu siku hiyo wakawa watu walewale wanne, bila hata mmoja kubadilishwa, hadi Mercury alipofariki Novemba 1991. Hiyo ni miaka 20. Anayejua kazi ya bendi anaelewa uzito wa jambo hilo.

Naomba kila mchangiaji ataje siku yake na sababu zake.

2. Kanda Ndogo

Mzee wangu, heshima yako, lakini sikubaliani nawe. Mimi nilikulia Mombasa, na Queen niliwajua kupitia kanda ya kaseti iliyorudufiwa mara nyingi mpaka sauti ikawa kama inatoka chini ya maji. Nilizipenda nyimbo, lakini sikuielewa bendi mpaka mjomba wangu alipoleta mkanda wa video wenye onyesho lao la Live Aid. Zile dakika 21 zilinionyesha mtu mmoja akiushika uwanja mzima kwa kidole. Alipoimba vionjo bila ala na umati ukamjibu neno kwa neno, mjomba wangu, ambaye hakuwahi kuupenda muziki wa roki, alisimama.

Tena kumbukeni hali waliyokuwa nayo. Kama inavyoonekana katika filamu ya mwaka 2018, Bohemian Rhapsody, bendi ilikuwa imeshavunjika kwa sababu ya kazi binafsi za Mercury, na hawakuwa wamepiga pamoja kwa miaka. Live Aid ndiyo iliyowafufua.

3. Fundi Redio

Ndugu Kanda Ndogo, onyesho lenyewe umelieleza vizuri, lakini hapo mwishoni umeiamini filamu kupita kiasi. Queen haikuwa imevunjika. Albamu ya The Works ilitoka Februari 1984, wakafanya ziara Ulaya mwaka huohuo, Januari 1985 wakapiga katika tamasha la Rock in Rio nchini Brazil, kisha wakaenda Australia na Japani. Ziara hiyo ilimalizika Mei 1985. Yaani kati ya onyesho lao la mwisho Japani na Live Aid ilipita miezi miwili tu.

Kuhusu kazi binafsi, ni kweli Mercury alitoa albamu yake mwenyewe mwaka 1985, lakini Roger Taylor alikuwa amekwisha kutoa ya kwake mwaka 1981 na nyingine mwaka 1984, na bendi haikufa. Filamu hiyohiyo pia inamwonyesha Mercury akiwaambia wenzake kuhusu ugonjwa wake wa UKIMWI kabla ya tamasha, ilhali wasimulizi wa maisha yake huuweka uchunguzi wa kitabibu katika mwaka 1987. Mtunzi wa filamu anaweza kupanga matukio upya ili hadithi imalizikie pazuri. Sisi tunaojadili historia hatuna ruhusa hiyo.

Lililowapa ushindi siku ile ni maandalizi. Waliingia katika ukumbi wa Shaw Theatre, London, wakafanya mazoezi kwa siku kadhaa, wakazikata nyimbo zao ili zienee katika muda waliopewa, na wakachagua zile ambazo watu 72,000 waliokuwa Wembley wangezitambua mara moja. Wimbo wa Bohemian Rhapsody wenyewe waliupiga nusu tu. Pale jukwaani tuliona mavuno ya nidhamu, na kwa hoja hiyo namkaribia mleta mada zaidi kuliko wewe.

4. Shangani Kwetu

Ninyi nyote mnaanzia London, na mimi nawarudisha nyumbani. Farrokh Bulsara, ndiye Freddie Mercury, alizaliwa hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Bomi, alikuwa karani wa fedha katika Mahakama Kuu wakati wa utawala wa Waingereza. Wazazi wake walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, wenye asili ya Gujarat. Tangu mwaka 2019 pana jumba la makumbusho yake hapa Shangani, na kila siku napita mlangoni nikiwaona wageni wakipiga picha.

Siku yangu ni tarehe 12 Januari 1964. Mapinduzi yasingetokea, familia hiyo isingehamia Feltham, kijana huyo asingesoma sanaa ya uchoraji katika chuo cha Ealing, asingekutana na Staffell aliyekuwa akisoma hapohapo, na kwa hiyo asingewafikia May na Taylor. Alikulia hapa mpaka umri wa miaka 17, akiwa amezungukwa na taarabu, adhana na ngoma za mitaani. Yote hayo aliondoka nayo.

5. Mzaliwa wa Ng'ambo, Muscat

Ndugu wa Shangani, naomba nikusahihishe kwa upendo. Hakukulia hapo moja kwa moja. Akiwa mtoto wa miaka kama minane alipelekwa India, katika shule ya bweni ya St. Peter's mjini Panchgani. Huko ndiko alikojifunza piano, ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie, na ndiko alikopiga kinanda katika bendi yake ya kwanza, The Hectics. Alirudi Zanzibar mwaka 1963. Kwa hiyo mnapohesabu miaka ya taarabu na adhana, punguzeni kidogo.

Nasema hivi nikiwa mtu ambaye wazee wake nao walivuka bahari mwaka 1964, ila wao walikuja huku Muscat. Nyumbani kwetu Kiswahili hakikukatika, na jina la Mji Mkongwe lilitajwa kila Ijumaa baada ya chakula. Watu wengi sana waliondoka mwaka ule, na karibu wote walikuwa makarani, mafundi na wauzaji wa duka kama walivyokuwa mwanzo. Kuondoka hakumfanyi mtu kuwa mwanamuziki. Ninachokiona mimi ni kwamba mtoto aliyepelekwa mbali mapema, akarudi, kisha akaondolewa tena, alijifunza kwamba mtu anaweza kujitengeneza upya, hata kwa jina. Kufikia mwaka 1970 alikuwa amejiita Mercury. Hata nembo ya bendi aliichora kwa mkono wake: simba wawili kwa nyota za Deacon na Taylor, kaa kwa nyota ya May, na viumbe wadogo wawili wenye mabawa kwa nyota yake ya Mashuke. Mtu anayekaa chini kuchora nembo ya bendi isiyo na hata santuri moja ameshaamua kitu moyoni mwake.

6. Mwalimu wa Kwaya

Shukrani kwa mada nzuri. Siku yangu ni tarehe 31 Oktoba 1975, Bohemian Rhapsody ilipotolewa, na nitaieleza kwa jicho la mtu aliyefundisha kwaya kwa miaka 22.

Mwalimu yeyote wa kwaya anajua shida ya kuzipatanisha sauti nne. Soprano wanavuta juu, besi wanachelewa, na alto hawajui waende na nani. Sasa fikirieni watu watatu tu, Mercury, May na Taylor, wakiimba sehemu ile ya katikati inayoiga opera, wakirudia tena na tena na kurundika sauti zao juu ya sauti zao wenyewe, mpaka wakasikika kama umati. Walianza kurekodi katika studio ya Rockfield, Wales, chini ya mtayarishaji Roy Thomas Baker, na wimbo huo mmoja ulichukua takriban wiki tatu. Mashine za wakati huo zilikuwa na njia 24 tu, hivyo iliwabidi wakusanye sauti nyingi katika njia moja, kisha waanze upya juu yake, mpaka utepe ukakonda kwa kupitishwa mara nyingi kichwani mwa mashine. Taylor ndiye aliyefikia zile noti za juu kabisa, na wanafunzi wangu huwa hawaamini ninapowaambia kwamba sauti hiyo ni ya mpiga ngoma.

Wimbo ulikuwa na dakika 5 na sekunde 55, na kampuni ya kurekodi iliona redio hazitakubali kuupiga. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio akaupiga mara 14 katika mwisho wa wiki mmoja. Ukakaa nambari ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa. Kabla ya hapo Queen walikuwa bendi nzuri miongoni mwa bendi nzuri. Baada ya hapo hapakuwa na wa kufanana nao.

7. Binti wa Malindi

Mwalimu, hukugusa neno moja ambalo sisi wa pwani husimama tunapolisikia. Katika sehemu hiyo ya opera wanaimba "Bismillah", tena wanalirudia. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza baba inakuwaje Wazungu wanalitamka neno letu, naye akanijibu kwamba aliyelitia ni mtoto wa Unguja. Jibu hilo limekaa nami mpaka leo. Kwa hiyo namuunga mkono ndugu wa Shangani, hata kama miaka ya kuishi hapa ilikuwa michache.

8. Fundi Redio

Dada yangu, jibu la baba yako ni zuri na sitaki kulibomoa. Lakini Mercury hakuwahi kuueleza wimbo huo. Kila alipoulizwa alikwepa, akiwaachia wasikilizaji waupe maana wao wenyewe, na wenzake nao wameilinda siri hiyo. Katika sehemu hiyohiyo yumo pia Galileo na yumo Figaro. Inawezekana neno lilitoka utotoni mwake Unguja, na inawezekana alilipenda kwa mlio wake tu.

9. Binti wa Malindi

Mlio huo aliusikia wapi kwanza, ndugu Fundi?

10. Wakili Kijana

Habari zenu. Natoka upande ambao haujaguswa. Siku yangu ni ile ya mwaka 1975, miezi michache kabla ya Bohemian Rhapsody, walipojinasua katika mkataba wao wa kwanza.

Walikuwa wamefungwa na kampuni ya Trident, iliyokuwa mmiliki wa studio, meneja na msimamizi wa hakimiliki kwa wakati mmoja. Albamu ya kwanza waliirekodi usiku na katika saa ambazo wateja wanaolipa hawakuwepo. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 1975 walikuwa na albamu tatu, wimbo wa Killer Queen ulikuwa umefika nambari ya pili Uingereza, na walipofika Japani walipokewa na umati kwenye uwanja wa ndege. Wakati huohuo, nyumbani kwao walikuwa wakilipwa mshahara mdogo wa wiki, na wakiambiwa bado wanadaiwa. Mwanasheria Jim Beach akaingia, majadiliano yakachukua miezi, na mwishowe wakaachiliwa kwa masharti ya kulipa pauni 100,000 pamoja na asilimia 1 ya mapato ya albamu sita zilizofuata. John Reid akawa meneja wao, na inasimuliwa kwamba aliwaambia waende wakatengeneze albamu bora kuliko zote, mengine wamwachie yeye.

Tazameni mfuatano wa matukio. Kwanza uhuru wa mkataba, kisha wimbo wa dakika karibu sita ambao hakuna bendi yenye hofu ingethubutu kuutoa. Mwalimu ametusifia tunda. Mimi nauliza nani alichimba shimo.

11. Mpiga Besi Mstaafu

Wakili, umenigusa mahali panapouma. Bendi yangu ya pili ilikufa kwa sababu ya jambo hilohilo. Tulirekodi nyimbo sita, zikapigwa redioni mpaka watoto wa mtaani wakazijua, na aliyetushikia mkataba akatuambia kila mwezi kwamba gharama za studio bado hazijarudi. Tukaanza kutazamana kwa mashaka. Mtunzi alisema yeye ndiye anayestahili zaidi, mpiga solo akasema bila gitaa lake wimbo si kitu, na katika wiki mbili tukatawanyika. Mpaka leo nikikutana na yule mpiga solo tunasalimiana tu.

Kwa hiyo nataja tarehe nyingine, ambayo ni ndogo machoni pa watu lakini kwangu ni kubwa. Hawa nao waligombana kuhusu mrabaha. Wimbo wa Roger Taylor, I'm in Love with My Car, uliwekwa upande wa pili wa santuri ya Bohemian Rhapsody, na kwa kuwa santuri ni moja, yeye akapata mrabaha sawa na Mercury. Maneno yalikuwa mengi na yalidumu kwa miaka. Mwaka 1989, katika albamu ya The Miracle, wakakubaliana kwamba kila wimbo uandikwe kuwa ni wa Queen, bila kutaja nani alianza. Walifanya hivyo wakiwa matajiri, sawa, lakini wapo matajiri wengi waliokufa bila kufikia hapo. Laiti sisi tungelifanya hivyo tulipokuwa na nyimbo sita tu.

12. Mji Kasoro Bahari

Nimesoma michango yote kwa makini, na ninashangaa kwamba mwaka 1984 unapitwa kama haupo. Ndugu Fundi Redio ametaja ziara za mwaka huo na kuruka moja. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, katika Bophuthatswana, moja ya zile nchi bandia zilizobuniwa na utawala wa makaburu, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasiende.

Mimi nilikulia Morogoro, si mbali na Mazimbu, ambako wakimbizi wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, walijengewa shule yao. Tulicheza mpira na watoto waliozaliwa bila kuiona nchi yao. Kaka yangu mkubwa alikuwa na santuri mbili za Queen, na alipopata habari ya Sun City alizitoa ndani akampa jirani. Hakuwahi kuzidai. Najua utetezi wao, kwamba walikwenda kupiga muziki wala si kufanya siasa, na kwamba walitoa mchango kwa shule ya watoto viziwi na vipofu. Chama cha wanamuziki cha Uingereza hakikuukubali, kikawatoza faini, na majina yao yakaingia katika orodha ya Umoja wa Mataifa. Kama tunaorodhesha siku zilizoifanya bendi hii iwe ilivyo, hii nayo iandikwe, kwa wino uleule.

13. Kanda Ndogo

Ndugu wa Morogoro, hoja yako ni nzito na sina jibu la kuifuta. Naongeza tu kwamba tarehe 29 Novemba 2003 Brian May na Roger Taylor walipiga Cape Town katika tamasha la 46664, lililoitwa kwa namba ya kifungo ya Mandela, kwa ajili ya vita dhidi ya UKIMWI, na Mandela mwenyewe alikuwepo. Pengine hiyo ilikuwa njia yao ya kurudi.

14. Mji Kasoro Bahari

Nalijua tamasha hilo na nililifurahia. Lakini mwaka 2003 kila mtu alikuwa rafiki wa Mandela. Kipimo kilikuwa mwaka 1984.

15. Muuguzi wa Zamani

Kwa kuwa UKIMWI umetajwa, naomba niseme langu. Tarehe 23 Novemba 1991 Mercury alitoa taarifa kwamba anaugua UKIMWI, na siku iliyofuata akafariki nyumbani kwake, Garden Lodge, London, akiwa na miaka 45. Wakati huo nilikuwa muuguzi kijana katika wodi ambayo wagonjwa wengi walikuwa na ugonjwa huo, ingawa kwenye faili tuliandika kifua kikuu au homa ya muda mrefu kwa sababu ndugu hawakutaka kulisikia jina lenyewe. Habari ilipofika, mgonjwa mmoja, kijana aliyewahi kufanya kazi melini, aliniuliza kama ni kweli kwamba mtu mwenye fedha kiasi kile naye ameshindwa kupona. Nilikaa naye kwa muda mrefu siku ile.

Hata hivyo sipendi inaposemwa kwamba Mercury ndiye msanii wa kwanza kuuvunja ukimya. Kwetu huku Philly Lutaaya wa Uganda alijitangaza hadharani mwaka 1989, akazunguka mashuleni na makanisani akiwa mgonjwa, akafariki Desemba mwaka huohuo. Franco wa Kongo alikwisha kuimba onyo kuhusu UKIMWI mwaka 1987. Mercury alisema siku moja kabla ya kifo. Simlaumu hata kidogo, maana niliona jinsi watu walivyotendwa walipojulikana. Nataka tu mpangilio wa tarehe uwe sahihi. Kilichobadilisha mambo ni yaliyofuata: Bohemian Rhapsody ilitolewa tena Desemba 1991, ikarudi nambari ya kwanza Uingereza, na fedha zake zikaenda kwa taasisi ya Terrence Higgins inayowahudumia wagonjwa. Aprili 1992 likafanyika tamasha la kumkumbuka pale Wembley, na kutokana nalo ukaundwa mfuko wa Mercury Phoenix, ambao umesaidia miradi ya UKIMWI katika nchi nyingi, za Afrika zikiwemo.

16. Shangani Kwetu

Asante, Bibi Muuguzi. Hapa kwetu jambo hilo bado ni gumu. Mwaka 2006 palikuwa na mpango wa kusherehekea kutimia miaka 60 tangu azaliwe, vikundi vya dini vikapinga kwa sababu ya maisha yake, na sherehe haikufanyika. Leo makumbusho yapo na yanafanya kazi. Mji ni uleule na watu ni walewale. Napenda kuamini kwamba tumesogea kidogo.

17. Fundi wa Mbao

Mimi si mwanamuziki, ni seremala, na siku yangu ni ya mwaka 1963. Mwaka huo Brian May, akiwa mvulana wa miaka 16, alianza kutengeneza gitaa pamoja na baba yake, Harold, kwa kuwa hawakuwa na fedha za kununua. Shingo waliichonga kutoka kwenye mbao ya mahali pa kuotea moto, mbao nzee yenye matundu ya wadudu, na inaelezwa kwamba matundu hayo waliyaziba kwa njiti za kiberiti. Springi zilitoka kwenye pikipiki. Vidoa vya kwenye shingo ni vifungo vya sanduku la ushonaji la mama yake. Kazi ilichukua takriban miaka miwili. Gitaa hilo, Red Special, ndilo lililopigwa katika kila albamu ya Queen, na May hulipiga kwa sarafu ya peni sita badala ya plastiki.

Nimewahi kushika mbao nzee kama hiyo. Imeshamaliza kupinda na kupasuka miaka mingi iliyopita, haina tena la kukushangaza, na fundi mwenye subira huitafuta kwa makusudi. Sauti ya Queen inatambulika hata kabla Mercury hajafungua kinywa, na inatoka katika mbao hiyo.

Mzee Mpiga Besi atafurahi nikimwongezea jambo. Mwaka 1972 Deacon aliokota bodi ya umeme katika pipa la taka London, akaifunga ndani ya kasha la spika, akapata amplifaya ndogo inayotumia betri ya volti 9. May akaunganisha gitaa lake humo, na katika wimbo wa Good Company wa mwaka 1975 mnachokisikia kama tarumbeta na filimbi za bendi ya jazi ni gitaa hilo na amplifaya hiyo. Ndiyo maana walijivuna kuandika kwenye majalada ya albamu za miaka hiyo kwamba hakuna sintesaiza, ile ala ya umeme inayoweza kuiga sauti za ala nyingine, iliyotumika. Walianza kuitumia mwaka 1980 tu, katika The Game.

18. Mpiga Besi Mstaafu

Nimefurahi kweli, ndugu Seremala. Jambo la pipa la taka sikulijua, na nimelisoma mara mbili.

19. Mwalimu wa Kwaya

Naomba nibadilishe jibu langu kidogo, kwa sababu mjadala umenifanya nifikiri upya. Mwaka 1977 Queen walipiga katika ukumbi wa Bingley Hall, Stafford. Walipomaliza na kutoka jukwaani, watu hawakupiga makofi ya kuwarudisha bali waliwaimbia wimbo wa mashabiki wa mpira, You'll Never Walk Alone, ukumbi mzima, kwa sauti moja. Mercury na May wakaondoka na wazo kwamba watunge nyimbo ambazo msikilizaji ni mmoja wa wanabendi. May akatunga We Will Rock You, ambao karibu wote ni miguu miwili na kofi moja. Walipiga miguu hiyo wachache tu juu ya mbao studioni, na May, aliyesomea fizikia, akapanga marudio ya sauti kwa namna ya kuwafanya wasikike kama maelfu. Mercury akatunga We Are the Champions.

Nimewafundisha We Will Rock You watoto wa darasa la tatu wasiojua neno la Kiingereza, na katika dakika moja darasa zima lilikuwa ndani yake. Mwaka 1981 mjini São Paulo, katika uwanja wa Morumbi, zaidi ya watu laki moja waliimba Love of My Life kwa niaba ya Mercury, naye akabaki akisikiliza. Ndugu Kanda Ndogo, ule umati uliomwinua mjomba wako kwenye kiti ulianza kufundishwa Stafford, miaka minane kabla.

20. Kanda Ndogo

Mwalimu, hapo nakubali kwamba Live Aid ilikuwa na mizizi. Lakini mti wenye mizizi nao lazima usimame siku moja watu wauone, na dunia iliuona siku ile. Kisha nimegundua jambo lililonifurahisha: albamu yao ya kwanza kabisa ilitoka tarehe 13 Julai 1973. Ni miaka 12 kamili kabla ya Live Aid, tarehe ileile. Wakati huo karibu hakuna aliyeinunua.

21. Mzaliwa wa Ng'ambo, Muscat

Tumegombania mwanzo, na mwisho je? Wapo wanaosema Queen iliisha Knebworth, Agosti 1986, onyesho la mwisho la Mercury akiwa na bendi. Wengine husema 1995, ilipotoka Made in Heaven kwa sauti alizoziacha. May na Taylor wameendelea, kwanza na Paul Rodgers, na sasa kwa zaidi ya miaka kumi na Adam Lambert, na viwanja vinajaa. Mleta mada, kwa hesabu yako ya watu wanne unaiitaje bendi hiyo?

22. Mpiga Besi Mstaafu

Naiita Queen, kwa sababu wao wenyewe wanaiita hivyo na wana haki. Lakini kwa sikio langu iliisha Paris, Januari 1997. Walipiga wimbo mmoja tu, The Show Must Go On, katika onyesho la wacheza dansi wa Maurice Béjart, na Elton John akaimba. Ilikuwa mara ya mwisho kwa John Deacon kusimama jukwaani na wenzake. Mwaka huohuo akaacha muziki, akarudi kwa mkewe na watoto wake, na tangu hapo hajarudi. Hata mwaka 2001 bendi ilipoingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki kule Marekani, hakwenda.

Nimeitazama picha ya Paris mara nyingi. Amesimama nyuma kidogo, pale tunaposimama sisi wapiga besi, karibu na ngoma, akimwangalia Taylor ili wasipishane. Jana usiku, baada ya kusoma michango yenu, nilimpigia simu yule mpiga solo wetu. Tumekubaliana aje Jumapili, na gitaa lake.